Giza la Kati ya Mwamgongo na Mtanga

Kwa miaka 19 mama yangu aliuza mawese, na kwa miaka yote hiyo barabara yake ilikuwa Ziwa Tanganyika. Alipanda boti mchana Kibirizi, mwalo wa Kigoma, akashuka Mwamgongo, au akaenda hadi Kagunga kabisa, mpakani na Burundi, akakusanya madumu yake nyumba kwa nyumba, akarudi na boti ya usiku ili alfajiri imkute Kibirizi kabla wanunuzi wa soko la Mwanga, hapohapo Kigoma, hawajamaliza chai. Ukimuuliza njia ile ikoje, hakutajii kilima wala rasi. Anakutajia taa. Taa za Kagunga, halafu taa za Mwamgongo, halafu giza refu, halafu taa za Mtanga, na hapo umeshakaribia nyumbani.

"Giza likianza nafunga kanga kichwani, nalala," husema. "Taa za Mtanga zikitokea naamka, nahesabu madumu yangu. Humo katikati nani ataniibia? Akishaiba ataruka aende wapi?"

Kwenda, ni kweli, ilikuwa mchana. Lakini boti zetu za abiria hujazwa mpaka goti lako linakuwa mto wa mwenzako, na mtu aliyefunga mtaji wake wote kwenye pindo la kanga haangalii milima. Anaangalia pindo.

Mimi sina hata kisingizio hicho. Nafundisha jiografia sekondari. Huu mwaka wa 12 nachora Bonde la Ufa ubaoni: nyufa mbili, kipande cha katikati kimedidimia, kingo zimebaki juu, ziwa limejaa ndani. Kila mwaka anatokea mtoto mmoja wa nyuma anauliza, "Mwalimu, Gombe umefika?" Na kila mwaka nimejibu kwamba tutapanga safari ya shule. Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma. Nimeenda Arusha mara mbili kwa semina. Gombe, sifuri.

Kilichotutoa nyumbani ni redio. Tarehe 1 Oktoba 2025 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alifariki dunia huko Marekani akiwa na miaka 91, na jioni zile kila kituo kilimtaja. Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Yule mama wa sokwe? Kwani hasa alikuwa anakaa wapi?" Nikatoa ramani ya ukutani ninayoitumia shuleni, nikaitandaza mkekani, nikamwekea kidole. Hapa Mwamgongo, hapa Mtanga. Yeye alikuwa hapa katikati.

Mama akauacha ungo. "Pale gizani?"

Basi wiki mbili baadaye, Jumamosi, tukaenda: mama, mimi, binti yangu Zuhura aliyemaliza kidato cha sita na alikuwa anasubiri chuo, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfuga nyuki wa Sikonge aliyekuwa ameingia na treni kutoka Tabora kututembelea. Mke wangu alikuwa na zamu. Alichofanya ni kumnong'oneza kaka yake kwamba ziwa halina chini, halafu akaenda kazini.

Nitaje la fedha niondokane nalo. Watu wa Kigoma tunapenda kusema Gombe ni ya Wazungu kwa sababu ya kiingilio. Si kweli. Raia analipa kwa shilingi, kiasi ambacho hakikaribii kile anacholipa mgeni kwa dola. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, umemaliza. Kinachouma ni boti. Boti za abiria hutoka mchana na kurudi asubuhi ya siku ya pili, kwa hiyo anayetaka kwenda na kurudi siku moja sharti akodi, na anayekodi ananunua mafuta. Hapo ndipo mwalimu anapokuna kichwa. Sisi tuligawana na shemeji, na Zuhura akachangia hela yake ya kusuka, jambo ambalo amelikumbusha mara kadhaa tangu siku ile.

Saa kumi na mbili asubuhi Kibirizi haina mahali pa kukanyaga. Mwezi ulikuwa umeisha, na giza la mwezi ndilo soko la mvuvi wa dagaa, maana karabai haishindani na mbalamwezi. Mitumbwi ilikuwa imerudi na mzigo wa usiku kucha. Dagaa wanamwagwa, wanapimwa kwa ndoo, wanaanikwa, kila mtu anapiga kelele na hakuna mwenye hasira. Mama aliingia pale kama mtu anayeingia chumbani kwake. Salamu za Kiha zikaanza: "Mwakeye!" huku, "Mwakeye!" kule. Wanawake wawili wakamuuliza anakwenda kufuata mawese, naye akajibu anakwenda kutembea. Wakacheka sana. Walidhani anatania.

Tulipokuwa mbele ya Kalalangabo mashine ilikohoa, ikazima. Nahodha akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwa fulana yake, akairudisha, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Mwenye boti, niliyemlipa nusu ya fedha kabla, alikuwa ameniapia kwamba mashine imetoka kwa fundi jana. Labda ilitoka kweli, ila haikuwa imepona. Shemeji alikuwa amekaa katikati kabisa ya boti, jaketi okozi limefungwa mpaka kidevuni, mikono miwili imeshika ubao.

"Shemeji," akaniita kwa upole usio wa kawaida yake. "Hapa kina kiko kiasi gani?"

Mtu anayenijua hapaswi kuniuliza swali kama hilo. Nikaanza. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal ya Urusi. Kwa kina kirefu kabisa, upande wa kusini, linafika mita 1,470. Uso wa maji uko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chini kabisa ya ziwa hili ni karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari...

"Mwalimu," akasema mama, "mtu anaogopa, na wewe unamhesabia."

Mashine ikawaka. Shemeji hakuniuliza kitu tena mpaka nchi kavu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza, na mawazo ya mwalimu huwa hayazimi kwa plagi. Vitabuni tunafundisha korongo kwa mfano wa Grand Canyon, kule Arizona, Marekani: mto Colorado umekata mwamba kwa miaka mamilioni mpaka ukachimba shimo ambalo penye kina kirefu linapita mita 1,800. Wanafunzi hushangaa, nami huwa nashangaa pamoja nao. Sasa niko kwenye boti, kulia kwangu ukuta wa mlima unapanda mpaka mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na chini ya makalio yangu ukuta uleule unaendelea kushuka ndani ya maji. Upande huu wa kaskazini ziwa linapita mita 1,200 za kina. Jumlisha na zile 700 zinazoonekana juu ya maji, unapata karibu mita 2,000. Tumezaliwa kwenye ukingo wa bonde lenye kina kuliko lile la Marekani, ila letu limejaa maji na dagaa, kwa hiyo hakuna anayeliona. Tofauti ni kwamba la kwao limechongwa na mto, na la kwetu ardhi yenyewe ilipasuka na kudidimia, kazi iliyoanza miaka mamilioni iliyopita na ambayo mpaka leo haijaisha. Nilitaka kumwambia shemeji. Nikamwangalia usoni, nikaacha.

Kuanzia Kibirizi kwenda juu milima ni ya watu. Muhogo umepanda mpaka kileleni, migomba imebana kwenye vijito, na kati ya mashamba udongo mwekundu uko wazi kama kidonda kilichochubuliwa. Ilikuwa katikati ya Oktoba, kiangazi kinaaga, mvua mbili tatu za rasharasha zimeshaosha moshi wa mioto ya mashamba, hata milima ya Kongo ng'ambo ilionekana kwa mbali. Tulipopita Mtanga, nahodha akaonyesha kwa kidevu.

Muhogo uliisha. Ulikatika, kama mtu amepiga rula kutoka ziwani hadi juu. Upande huu shamba, upande ule msitu. Zuhura akatoa simu kupiga picha. Mama akasimama, jambo ambalo kwenye boti haruhusu mtu mwingine alifanye.

"Mstari huu," akasema, "sijawahi kuuona."

Gombe ni ndogo. Kilomita za mraba 50 na kidogo, utepe mwembamba kati ya maji na ukingo wa juu wa bonde, na popote ulipo upana wake ni kilomita chache tu. Ila utepe huo umekunjwakunjwa kama kitambaa kilichofinywa. Vijito vinatoka juu kule ukingoni, vinashuka magharibi moja kwa moja ziwani, na kila kimoja kimejichimbia korongo lake lenye kuta kali. Chini ya korongo msitu mnene usioingiza jua. Kwenye mabega yake miombo. Juu kabisa kwenye migongo, nyasi tupu. Kwa hiyo unaweza kuvuka nchi tatu kwa kupanda nusu saa, halafu ukashuka upande wa pili ukazikuta tena kwa mpangilio wa kinyume. Mwaka 1943 serikali ya kikoloni ililifanya eneo hili pori la akiba. Likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Tulishuka Kasekela. Wa kwanza kutupokea walikuwa nyani, familia nzima imekaa kwenye changarawe inatukagua kama maofisa wa forodha. Kijana wa hifadhi, muongozaji wetu, akatuonya kabla hata ya salamu: chakula kisionekane, mkoba usiachwe wazi. Majengo ya pale yana nyavu za chuma madirishani na barazani, na anayekula hula ndani ya nyavu, nyani wakiwa nje wanamtazama. Mama aliliangalia jambo hilo kwa muda.

"Kumbe hapa anayefungiwa ni mtu," akasema.

Kijana yule alikuwa hodari wa kusimulia, na alimtambua haraka msikilizaji wake ni nani. Akamweleza mama kwamba Jane alifika ufukweni hapo tarehe 14 Julai 1960, ana miaka 26, ametumwa na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na kwamba wakubwa wa wakati ule hawakukubali msichana akae porini peke yake, kwa hiyo akaja na mama yake mzazi, Vanne. Huyo mama alikaa miezi kadhaa, akafungua kijihospitali chake cha turubai hapohapo mchangani, akawa anagawa dawa kwa wavuvi na watu wa vijiji vya jirani.

"Mama yake alikuja?" mama akauliza.

"Alikuja, mama. Bila yeye asingeruhusiwa."

"Basi mbona redioni hawakumtaja?"

Kijana hakuwa na jibu. Akaongeza jingine, ambalo hata mimi sikulijua: kwamba Jane na mama yake walipofika Kigoma walikwama mjini, hawakuweza kuja huku mara moja. Kongo ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, tarehe 30 Juni mwaka uleule, Wabelgiji wakawa wanakimbia kwa kuvuka ziwa, na mji wote ulikuwa umejaa wakimbizi. Mama na binti yake wakajiunga na watu wa mji kuwaandalia mikate.

Mama alitikisa kichwa taratibu. Najua alichokumbuka. Mei 2015 alikuwa Kagunga na madumu yake wakati Warundi walipofurika kwenye ule ufukwe mwembamba, maelfu kwa maelfu, mlima nyuma, ziwa mbele, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inapiga safari kuwatoa kuwaleta Kigoma. Boti za abiria nazo zilibeba watu tu. Mawese yake yalibaki siku tisa kwa mtu asiyemjua, na aliyakuta yote. Mji huu umekuwa ukipokea watu kutoka majini tangu zamani, sisi tumezoea mpaka hatulioni kama jambo.

Tulianza kupanda korongo la Kakombe saa tatu asubuhi. Ukiingia tu, jua linazimwa. Njia inafuata kijito, mizizi imejipanga kama ngazi, hewa ni ya baridi na imelowa. Gombe unatembea kwa miguu, kwa sababu hakuna simba wala tembo wa kukutoa mbio. Kuna pongo, nguruwe pori, kima, mbega wekundu juu kwenye matawi. Shemeji, aliyekuwa amefufuka tangu alipokanyaga nchi kavu, aligeuka mwenyeji. Huyu anajua miti kama mimi ninavyojua majina ya wanafunzi wangu. Kila pengo la jua lilipoonyesha bega la mlima alinyoosha mkono: mninga ule, ule myombo, haya maua nyuki wanayapenda. Mara mbili aliegesha sikio kwenye shina. Mara ya pili akatabasamu, akanivuta na mimi nisikilize. Mle ndani mlikuwa na mvumo, kama redio ya nyumba ya jirani.

Mama yeye alikuwa anahesabu michikichi. Imejaa kwenye korongo, mingine mirefu kupita kiasi, haijawahi kupunguzwa, mikungu imeiva na kuanguka bila mwenyewe. Alisimama chini ya mmoja, akaokota chikichi, akaiminya kwa kidole gumba, akainusa.

"Hizi za nani?"

"Za sokwe, mama," kijana akasema. "Na nyani."

"Nani aliipanda?"

Akaeleza kwamba kabla ya kuwa pori la akiba humu waliishi watu, na michikichi ni alama yao. Watu walihamishwa, michikichi ikabaki, na sokwe wakairithi. Mama akairudisha chini ile chikichi kwa adabu, pale alipoiokota. Hatua chache mbele nikamsikia anapiga hesabu kwa sauti ndogo: mikungu mingapi kwa mti, debe ngapi, dumu ngapi. Alifika dumu 40 akaacha.

Kitu kilichonishangaza mimi kilikuwa kijito chenyewe. Oktoba, mwisho wa kiangazi, maji yanakimbia. Si ya kutisha, lakini ni maji kweli, meupe, yenye sauti. Kijijini kwa baba, upande wa Kalinzi, nyuma ya milima hii hii, kijito tulichoogea utotoni kikifika mwezi wa kumi siku hizi ni mchanga na mawe. Mvua ni ileile, mlima ni uleule. Ila kule miti ya mteremkoni ilikatwa ikawa mkaa na mashamba, na mteremko usio na miti mvua inauteleza tu, inachukua udongo, inafika ziwani siku hiyohiyo imekuwa tope. Humu mvua inaanguka kwanza kwenye jani, kisha kwenye zulia la majani yaliyooza, kisha inanywewa na udongo uliojaa mizizi, na mlima unaitoa kidogo kidogo miezi sita baadaye. Naifundisha hii. Kidato cha pili. Huwa naiandika kwa pointi nne, na wanafunzi wanaikariri kwa pointi nne.

Kijana alituambia Jane mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu ya eneo hili kwa ndege ndogo, akaona kisiwa cha kijani kimezungukwa na vilima vitupu, akaelewa kwamba sokwe hawataokolewa na watu wenye njaa. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE vijijini, wa miche, vitalu, maji na mengineyo. Mjomba wangu alipanda miche ya wakati ule. Aliuza nguzo, akaezeka nyumba.

Maporomoko ya Kakombe yako mwisho wa korongo, pale ukuta unapokataa kupandika. Maji yanaruka kutoka juu, mita 25 hivi, yanapasukia mwambani, na huko chini yanazalisha upepo wao wenyewe unaokupiga usoni hata kama kwingine kote kumetulia. Mizabibu mwitu imening'inia kama kamba za meli. Goti la mama lilikuwa limeshatoa taarifa, kwa hiyo akachagua jiwe, akakaa, akatuambia twende tukawaone hao jamaa, yeye amefika. Mhifadhi mmoja akabaki naye.

Redio ya kijana ilikuwa imesema sokwe wako upande wa Mkenke, korongo linalofuata. "Linalofuata" ni neno jepesi. Tulipanda kwa mikono na miguu. Nilishika nyasi, nyasi ikang'oka. Nilishika mzizi, ukanisaidia. Nilishika mkono wa mwanangu, na hapo nikajua nimezeeka. Tulipofika mgongoni tukalala chali, sote watatu, hakuna mwenye neno. Na hapo ndipo walipoanza.

Sauti ya sokwe wengi kwa pamoja sijui niifananishe na nini. Inaanza kama mtu anahema, inapanda, inakuwa ukelele, halafu kutoka korongo la pili wengine wanajibu, na bonde zima linakuwa kama ngoma iliyopigwa ndani. Zuhura alinishika bega. Shemeji alivua kofia.

Tulivaa barakoa, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua, tukashuka kimya. Tuliwaona wawili. Mama na mtoto, juu sana mtini, wanakula matunda na kuangusha maganda karibu yetu. Kwa dakika kama kumi tuliona mgongo, mkono mrefu, mara moja uso wa mtoto ukichungulia. Halafu mama yule akamweka mwanawe tumboni, akahamia mti mwingine, na mwingine, wakapotea. Picha ya Zuhura ina doa jeusi kwenye majani. Ameiweka kama picha ya simu yake, na kila anayeiona inabidi aelezwe.

Kijana alitueleza mengi tukiwa pale: jinsi watafiti wanavyowapa watoto majina yenye herufi ya kwanza ya mama, kama mapacha Golden na Glitter waliozaliwa 1998 kwenye ukoo wa G, jinsi kila jioni sokwe anavyosuka kitanda kipya cha matawi na kukiacha asubuhi. Na jinsi mwaka ule wa 1960 Jane alivyomwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka ujiti kwenye kichuguu, akivuta mchwa na kula, mwingine akipukutisha majani ya kijiti kwanza ili kifae. Mpaka wakati huo wataalamu walikuwa wameandika kwamba anayetengeneza zana ni binadamu peke yake.

"Sasa hapo ajabu iko wapi?" Zuhura akauliza. "Bibi si ndivyo alivyotufundisha kutoa kumbikumbi?"

Tulirudi Kakombe saa nane kasoro. Mama alikuwa bado juu ya jiwe lake, kanga imelowa rasharasha, amefumba macho. Mhifadhi alisema wamezungumza sana. Alikuwa amemsimulia jinsi madume ya sokwe wakati mwingine yanapofika pale kwenye maporomoko husimama kwa miguu miwili, yakayumba, yakapiga chini, yakarusha mawe, kisha yakakaa kuyatazama maji tu.

"Nimemuuliza kama wanaswali," mama akasema bila kufumbua macho. "Anasema hata mwenyewe Jane alijiuliza."

Nikamuuliza kama amechoka.

"Harufu hii naijua," akasema.

Sikumwelewa. Akavuta pumzi ndefu, akanionyesha kwa mkono hewa iliyotuzunguka, majani yaliyooza, maji, udongo mbichi.

"Ilikuwa inanifikia kwenye boti. Usiku, tukishapita Mwamgongo, taa zikiisha. Kibaridi kinatoka huku mlimani kinakuja na harufu hii. Ndiyo iliyokuwa inanilaza. Miaka yote nilidhani ni harufu ya usingizi wangu."

Upepo wa nchi kavu. Usiku mlima unapoa haraka kuliko maji, hewa baridi inakuwa nzito, inateremka kwenye makorongo, inaelekea ziwani. Mchana inageuka. Kidato cha kwanza, mchoro wa mishale miwili. Nimeuchora miaka 12, na mtihani wa taifa huupenda. Nilifungua mdomo nimweleze. Halafu nikakaa kwenye jiwe la pembeni yake, nikanusa.

Tuliondoka Kasekela saa tisa na nusu. Mchana upepo ulikuwa umeshageuka, unatoka ziwani, mawimbi yana vichwa vyeupe, na shemeji alirudi kwenye nafasi yake ya katikati ya boti na jaketi lake mpaka kidevuni. Mama alikaa ubavu wa mlimani. Alimwamuru nahodha apite karibu na ufukwe na amtajie kila korongo tunalolipita. Nahodha, kijana wa Mtanga, akawa anapaza sauti juu ya mashine: Kakombe. Mkenke. Kahama. Mama analirudia kila jina, polepole, kama anavyorudia jina la mtu anayemkopesha. Nyasanga. Kalande. Jua lilikuwa linapiga magharibi, linaingia moja kwa moja kwenye makorongo, na kila moja lilifunguka mbele yetu mpaka ndani, kijani juu ya kijani, halafu bega la mlima likalifunga.

Tukaufikia mstari. Msitu ukakatika, muhogo ukaanza, bati la kwanza la Mtanga likamulika jua. Mama akafungua kanga ya pili, akaifunga kichwani, akaegemea begani kwangu, akalala mpaka Kibirizi.